Kofi la Makanga na Mashine Zinazosikia

Hotuba mbele ya wabunifu wa programu na wanafunzi wa usanifu, Nairobi

Bwana mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, na nyinyi vijana mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango, hamjambo.

Niliombwa nizungumzie mustakabali wa kiolesura, yaani pale mahali ambapo mtu na mashine hukutana. Slaidi nilikuwa nimeziandaa, tena nzuri. Ziko kwenye begi na zitabaki humo, kwa sababu asubuhi nimepanda matatu ya 46 kutoka Kawangware, nikapata kiti cha karibu na mlango, na nilichokiona pale kimenivurugia mpango mzima.

Makanga alikuwa kijana mwembamba, mguu mmoja ngazini, mwingine hewani. Muziki ulikuwa unatetemesha vioo. Dereva hakuweza kumsikia, na kioo chake cha kutazamia nyuma kilikuwa kimejaa stika za timu ya mpira, kwa hiyo hata kumwona hakuweza. Abiria akitaka kushuka, makanga anapiga bodi kofi moja, gari linasimama. Abiria akishuka, makofi mawili, gari linaondoka. Haya mnayajua, mmepanda matatu tangu mkiwa mgongoni kwa mama zenu. Sasa tulipofika Yaya, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa anashuka. Makanga akaona mguu wa kwanza umegusa lami, akapiga mawili. Gari likaanza kusogea, na leso ya yule mama bado imenasa kwenye komeo la mlango. Yule kijana hakuhesabu kitu. Mkono wake uliporomosha makofi mfululizo, papapapapa, na gari likakita pale pale. Mama akavuta leso yake, akamtazama makanga jicho moja baya sana, akaenda zake.

Nilikaa nikilifikiria hilo hadi mjini. Kiolesura kile kina amri mbili na njia moja ya kughairi. Amri unazihesabu: moja simama, mbili twende. Kughairi hakuhesabiwi. Unapiga ovyo, kwa nguvu, mara nyingi, na hivyo ndivyo mkono wa mtu aliyeshtuka unavyopiga hata asipoambiwa. Aliyeubuni mfumo ule, kama kuna aliyeubuni, alichukua kile ambacho hofu huufanyia mkono akakigeuza kuwa ishara. Dereva naye anaisikia kwa mwili, kupitia chuma, muziki uwe juu kiasi gani.

Mashine zinazokuja zitatusikia tukisema, kisha zitatutendea. Zitatuma pesa, zitakata tiketi, zitajibu barua za mwajiri. Kampuni kubwa duniani zinashindana nani ataifanya mashine isikie haraka zaidi na itende haraka zaidi. Swali langu leo ni dogo na la kishamba: tukishtuka, tutapiga kofi wapi?

Turudi nyuma kidogo, sitakaa sana huko. Tarehe 9 Desemba 1968, San Francisco, mvumbuzi Mmarekani Douglas Engelbart aliketi mbele ya ukumbi kwa dakika 90 akaonyesha kipanya, maandishi yaliyounganishwa kwa viungo, na watu wawili walio mbali wakifanya kazi kwenye skrini moja. Mengi mnayobofya leo yalikuwepo siku ile. Macintosh ya 1984 ikakileta kipanya mezani kwa watu wa kawaida. Halafu ukaja mwaka 2007. Ukifungua somo lolote la usanifu utaambiwa 2007 ni mwaka wa iPhone, ambayo ilionyeshwa Januari. Miezi miwili baadaye, Machi, hapa kwetu ikazinduliwa M-Pesa. Sijui kwa nini hizi mbili hazifundishwi darasa moja, maana zilizaliwa mwaka mmoja zikashika njia mbili tofauti kabisa. Moja ilikuwa kioo kinachoguswa. Nyingine ilikuwa orodha ya maneno machache ndani ya kadi ya SIM, ikifanya kazi vizuri tu kwenye mulika mwizi. Kwa wale mliozaliwa juzi, mulika mwizi ni Nokia 1100 ya mwaka 2003 na ndugu zake, simu yenye tochi kichwani. Jina hilo halikutoka kiwandani, tulilipa sisi.

Majaribio ya M-Pesa mwaka 2005 yalilenga watu walipe mikopo midogo kwa simu. Waliopewa simu hizo wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao, na wabunifu, kwa busara ambayo si kila mbunifu anayo, wakawafuata. Lakini hapa kuna jambo ambalo wageni wanaokuja kuisoma M-Pesa hulikosa mara nyingi. Nusu ya kiolesura chake haikuwa ndani ya simu. Ilikuwa kwenye kibanda cha kijani, ndani yake ajenti na daftari lake.

Nilishinda saa nzima kwenye kibanda kama hicho mtaani kwetu mwezi uliopita, nikijifanya nasubiri mtu. Akaja shosho mmoja na simu yake ya vitufe. Niliandika mazungumzo yao nyuma ya risiti, na hii hapa.

"Shosho, unatuma ngapi?"

"Mbili."

"Mbili ya mia ama mbili ya elfu?"

"Ya elfu."

"Kwa nani?"

"Kwa kijana wangu wa Nakuru."

"Mbona hapa imeleta jina la mwanamke?"

Shosho akaisogeza simu mbali na macho, akaitazama, akacheka. Ilikuwa namba ya mke wa kijana. "Huyo pia ni wangu," akasema, "tuma tu." Akageuka akampa ajenti mgongo, akabonyeza namba ya siri mwenyewe, taratibu, akiifunika simu kwa leso.

Najua ajenti hatakiwi kushikashika simu ya mteja. Shosho naye anajua. Tuliache hilo. Tazameni maswali. Ajenti aliuliza mara nne, na maswali yake yalikuwa yanatafuta makosa ya aina tatu: kosa la kiasi, kosa la mtu, kosa la namba. Hakuna mahali alipouliza, "Una uhakika?" Hilo ndilo swali tunaloliweka sisi kwenye kila programu, na ni swali la mvivu. Mtu akiulizwa kama ana uhakika husema ndiyo. Angekuwa hana uhakika angekuwa amefika hapo? Mnakumbuka habari za Therac-25, ile mashine ya mionzi ya kutibu saratani, Marekani na Kanada, kati ya 1985 na 1987? Ilikuwa inaleta ujumbe wa hitilafu mara kwa mara, ujumbe usioeleza kitu, hadi wahudumu wakazoea kubonyeza herufi P ili iendelee. Wagonjwa sita walipigwa mionzi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Kasoro yenyewe ilikuwa ndani ya programu, lakini skrini ilikuwa imeshawazoesha wahudumu kupita tu.

Kutoka kwa shosho niende kwa mama yangu, na hapa nitalalamika kidogo, mniruhusu.

Mama anaishi Umoja, na stima yake ni ya kununua kwa simu. Unalipa, unatumiwa tokeni ya tarakimu 20, unaenda kuzibonyeza kwenye kidude cha ukutani. Fikirieni mazingira. Stima imeisha, kwa hiyo ni giza. Tarakimu ziko kwenye simu. Simu hiyo hiyo ndiyo tochi. Kidude kiko juu ya friji. Mama ana miaka sabini na mbili na miwani yake iko chumbani. Ukikosea moja, unaanza upya. Kisha ukafika mwaka 2024, akapokea ujumbe kutoka kwa kampuni ya umeme, ambayo sitaitaja kwa sababu bado nataka mama awe na stima, kwamba safari hii azibonyeze tarakimu 20 mara tatu. Sitini. Mbili za kwanza za kuibadilisha mita, ya tatu ndiyo stima yenyewe, na zifuatane.

Mimi ni mtu wa kazi hii, nikaenda kutafuta sababu, na kwa kweli ni sababu ya kupendeza. Mfumo wa tokeni hizi hutumika nchi nyingi, na kila tokeni hupigwa muhuri wa wakati kwa kuhesabu dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni biti 24, yaani vijisehemu 24 vya sifuri au moja. Biti 24 hubeba dakika 16,777,216, karibu miaka 32, kwa hiyo hesabu ilikuwa ifurike tarehe 24 Novemba 2024. Haikuwa siri. Mtu alibana nafasi miaka hiyo, na deni likaja kulipwa na vidole vya mama yangu gizani. Aliyemsaidia ni kijana wa ghorofa ya tatu. Mama alimsomea tarakimu nne nne kutoka kitandani, akivuta sauti kama anayesoma zaburi, kijana akabonyeza, na kila baada ya nne alizirudia kwa sauti kabla ya kuendelea.

Nanyi mmeona. Ajenti, kijana wa ghorofa ya tatu, makanga. Kila mara mashine inapotushinda, katikati kuna mtu, na mtu huyo ana mbinu. Hurudia ulichosema kwa maneno mengine, huuliza kuhusu kitu chenyewe, na husimama upesi akisikia sauti yako imebadilika. Mashine zinazokuja zinaahidi kumwondoa mtu huyu wa kati. Sina ugomvi na hilo, kijana wa ghorofa ya tatu ana maisha yake. Ila kabla ya kumwondoa, tuwe tumejua alikuwa anafanya nini.

Basi tuje kwenye sauti, maana wote tunakubaliana huko ndiko kunakoelekewa. Akili bandia, akili unde, akili mnemba, chagueni neno, wenzetu wa Tanzania wametuzidi kwa ubunifu wa majina. Kompyuta sasa inasikia Kiswahili. Mradi wa Common Voice wa Mozilla umekusanya sauti za watu waliojitolea kusoma sentensi kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo, na majirani zetu wa Rwanda walijitoa mhanga hadi Kinyarwanda kikapita saa 2,000 za sauti, kikaziacha nyuma lugha kubwa kubwa. Hongera kwao, natamani tungekuwa sisi. Lakini sentensi ya kusomwa ni sentensi iliyovaa suti. Kuna mambo matatu ambayo sentensi za kusomwa hazitaifundisha mashine, na yote matatu yamewahi kutukosesha usingizi nyumbani kwetu. Lile la kwanza kihalisi.

Shangazi alikuja kutoka kijijini akiwa na basi la alfajiri siku ya pili yake. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha tatu, akataka kumwonyesha maajabu. Akamwambia, "Shangazi, iambie simu ikuamshe." Shangazi akainama juu ya simu kama anayenong'oneza mtoto, akasema, "Niamshe saa kumi na moja." Simu ikaitika vizuri, kwa adabu, alamu imewekwa. Shangazi akalala kwa amani. Simu ikalia saa tano asubuhi, basi likiwa limeshafika Narok.

Saa kumi na moja ya shangazi ni saa ya kumi na moja ya usiku, ikihesabiwa tangu jua lilipotua. Hapa tulipo, karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo hesabu hii ina akili zaidi kuliko ile inayoanza katikati ya usiku watu wakiwa wamelala. Tatizo ni kwamba mkazi wa Nairobi hutumia zote mbili ndani ya sentensi moja. Atakwambia "tukutane saa nane na nusu, mkutano unaanza tu-thirty," na ni wakati ule ule mmoja, na hakuna anayepotea. Mtu akiwa na shaka huuliza, "Saa kumi na moja ya asubuhi ama ya jioni?" Simu haikuuliza. Ilirudia "kumi na moja" ile ile, na kurudia neno lile lile hakuthibitishi chochote. Ingesema, "Nikuamshe alfajiri, kabla ya jua?" shangazi angepata basi lake. Ama ingesema, "Nikuamshe karibu na adhuhuri?" angeitukana na bado angepata basi lake.

La pili ni lile la "mbili." Pesa za Nairobi hazitajwi kwa ukamilifu. Finje ni hamsini, soo ni mia, ngiri ni elfu, halafu kuna "nirushie tano." Tano gani? Inategemea nani anamwambia nani, na mwezi uko tarehe ngapi. Ajenti analijua hilo kwa kumtazama shosho. Mashine haimtazami shosho, basi na iulize.

La tatu ni la hatari kuliko yote, na sijaona mbunifu akilizungumzia. Ndiyo yetu haifanani na ndiyo ya lugha ambayo programu nyingi zimeandikwa ndani yake. Mtu akikuuliza, "Hujatuma bado?" na wewe hujatuma, unajibu, "Ndiyo." Maana yake ndiyo, umesema kweli, sijatuma. Sasa mashine iulize, "Hutaki kuendelea na malipo haya?" na mtu ajibu, "Ndiyo." Pesa ziende ama zisiende? Mlioandika programu mtasema neno "ndiyo" ni kuendelea. Shosho atasema amekubali kwamba hataki. Nimeona swali la aina hii limetafsiriwa neno kwa neno kwenye huduma moja ya simu hapa nchini, na nilipowauliza wenyewe walinijibu kwamba tafsiri imepitishwa na mtaalamu. Ni kweli, Kiswahili chake hakikuwa na kosa hata moja.

Mkiondoka na kitu kimoja cha kikazi leo, kiwe hicho: swali la kuthibitisha lisiwe na kanusho ndani yake. Andikeni kwenye kiganja.

Sasa kughairi. Hapa nataka niwaonyeshe kitu ambacho kipo mdomoni mwetu kila siku. Mlipokuwa sekondari mlifundishwa kauli ya kutendua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Kuna lugha nyingi ambazo mtu akitaka kusema kitu kimerudishwa kilivyokuwa inabidi atafute maneno pembeni. Sisi tunageuza mwisho wa kitenzi tu. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili waliikuta kazi imeshafanywa: tenda, tendua. Kitufe cha kughairi kimo ndani ya sarufi.

Lakini angalieni vitenzi visivyo na kauli hiyo. Tuma haina tumua. Lipa haina lipua, au tuseme inayo, ila ni ya mabomu. Sema haina semua. Lugha inajua maji yakimwagika hayazoleki, na imepanga vitenzi vyake kwa kujua hilo. Na tazameni ni kazi gani tunazikabidhi mashine zinazosikia: kutuma, kulipa, kusema kwa niaba yetu. Tunawapa mawakala wa akili bandia vitenzi vile vile ambavyo Kiswahili kimekataa kuvitendua.

Tarehe 13 Januari 2018 asubuhi, simu za watu wa Hawaii zilipokea ujumbe kwamba kombora linakuja, watafute mahali pa kujificha, na kwamba hayo si mazoezi. Hapakuwa na kombora. Mfanyakazi mmoja wa idara ya dharura ndiye aliyetuma. Ujumbe wa kusahihisha ulichukua dakika 38 kufika kwenye simu zile zile. Dakika 38 watu wanaagana na watoto wao. Ujumbe wa kombora ulikuwa umeandaliwa tayari, unachaguliwa tu na kutumwa. Ujumbe wa kusema tumekosea haukuwa umeandaliwa.

M-Pesa yenyewe ilianza bila njia nyepesi ya kughairi, na tulijifunza kwa machozi. Baadaye likaja lile jina la mpokeaji linalojitokeza kabla pesa hazijaondoka, ambalo lilimwokoa shosho wetu. Ikaja pia njia ya kuupeleka ujumbe wa muamala kwa 456 ukiomba pesa zirudishwe, na aliyezipokea akiwa ameshazitoa, huo ni mjadala mwingine. Jina lile ndilo ninalolipenda. Halikuulizi kama una uhakika. Linakuonyesha mtu.

Kwa sauti, kofi la hofu ni lipi? Mifumo mingi ya leo, ukitaka isimame, lazima uiite kwanza kwa jina lake, isikie, kisha uipe amri ya kusimama. Mtoto akikanyaga karibu na jiko la makaa, hivi huwa unamwita kwa jina la ubatizo, unasubiri aitike, halafu unamwomba? Unapiga ukelele. Woi! Ngoja! Wacha! Aa-aa! Mjaluo atasema yawa, Mkamba atasema lake. Nataka mashine ya kusikia itakayotengenezwa Nairobi isimame ikisikia woi. Isimame kwanza, iulize baadaye. Ikikosea kwa kusimama bila sababu, hasara ni sekunde mbili. Na jambo zito, kama pesa nyingi au barua kwa mwajiri, likae kwanza pale mlangoni mguu mmoja ndani, lisiondoke mpaka leso yote imetoka.

Mtaniuliza kuhusu miwani ya kuvaa na vidude vya kupandikiza ubongoni. Nitapita haraka. Kidude cha kwanza cha kampuni ya Neuralink kiliwekwa kichwani mwa mtu Januari 2024, mtu aliyepooza, na kinamwezesha kusogeza kishale cha kompyuta kwa mawazo. Kwa mtu kama huyo ni ukombozi na sina mzaha nalo. Miwani, hilo jingine. Apple Vision Pro ilianza kuuzwa kwa dola 3,499, zaidi ya shilingi laki nne, na mimi ninatembea barabara ya Tom Mboya saa moja jioni. Simu yenyewe dirishani kwa matatu naificha.

Wala msidhani vitufe vimekufa. Agosti 2017 meli ya kivita ya Marekani, USS John S. McCain, iligongana na meli ya mafuta karibu na Singapore, mabaharia 10 wakafa. Wachunguzi walikuta kwamba usukani na nguvu za injini viliendeshwa kwa skrini za kugusa, na wahudumu walichanganyikiwa ni kituo gani kinashika nini. Jeshi hilo la majini likaamua kurudisha vishikio vya mkono. Huko Ulaya nao, Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari, kuanzia 2026 wanataka taa za kuashiria, honi, vifuta kioo na vingine vichache viwe na vishikio halisi kama gari linataka nyota zote tano. Mkono unaojua kitu kilipo hauhitaji jicho. Makanga wetu angewaambia hivyo bila ada.

Na sauti haiwafai wote, hata ikisikia Kiswahili cha mitaa yote. Anayeishi chumba kimoja na watu watano hawezi kusema kwa sauti kwamba anatuma elfu kumi. Ndani ya matatu ndiyo kabisa. Na ndugu zetu Viziwi, tukihamishia kila kitu kwenye sauti, tumewafungia nje mara ya pili. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kuna mhandisi wetu, Roy Allela, aliyetengeneza glavu zenye vihisio zinazogeuza ishara kuwa sauti kupitia simu, na zilimpatia sifa za haki nje ya nchi. Ninamheshimu. Lakini glavu kwa jumla, za kwake na za wengine wengi duniani, zina shida ambayo Viziwi wenyewe wameisema kwa miaka: sarufi ya lugha ya ishara haiko mikononi peke yake. Iko kwenye nyusi, kwenye mdomo, kwenye bega. Swali na taarifa vinaweza kuwa na mikono ile ile na kutofautiana kwa nyusi. Halafu glavu humfanya Kiziwi ndiye avae chombo, ili mimi ninayesikia nisisumbuke. Tunarudi pale pale kwa mama yangu na tarakimu sitini: mzigo umewekwa kwa nani?

Wanafunzi, nina kazi ya kuwapa, na walimu wenu wameniruhusu. Kabla ya kufungua kompyuta kuchora skrini yoyote, tafuteni kibanda, duka la dawa, dirisha la tiketi, popote ambapo mtu mmoja anamfanyia mwenzake kazi ya mashine. Kaeni saa moja. Andikeni kila swali ambalo mtu wa kati anauliza, na pembeni muandike lilikuwa linazuia kosa gani. Ombeni ruhusa, msifanye kama nilivyofanya mimi na risiti. Yule ajenti aligundua, kwa taarifa yenu. Nilipoinuka kuondoka akaniuliza, "Na wewe, huyo unayemsubiri ni wa kutuma ama wa kutoa?" Nikakosa jibu, nikanunua muda wa maongezi wa shilingi hamsini. Akanisomea namba yangu yote kabla ya kubonyeza, tatu tatu, akiinua macho kila baada ya tatu.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Sijui anaihesabu tangu usiku wa manane au tangu jua kuchomoza, lakini kwa hesabu zote mbili muda wangu umekwisha. Asanteni.